Mikono Nyuma

Kilichomponza Marlys ni mikono yake, wala si mdomo, ingawa njia nzima alikuwa akijionya auchunge mdomo.

Hata kabla hajazima pikapu siku aliyofika Madrone, mikono ilikuwa imeshaanza kumwasha. Geti la shamba lilining'inia upande mmoja kama mlevi anayekokotwa na mwenzake. Bawaba ya juu iling'oka zamani, ya chini ilifungwa kwa waya. Mgeni mwingine angeangalia msitu, misonobari mirefu na ile miti ya magome mekundu yanayobanduka ambayo ndiyo iliyolipa shamba jina lake. Marlys aliona bawaba. Akawaza skrubu za kutumia, akawaza pembe, na mkono wake wa kulia ukawa umeshafika kwenye sanduku la vifaa nyuma ya kiti kabla yeye mwenyewe hajajua unakwenda wapi.

"Usiliguse," alisema Lynette, aliyekuja kumpokea akiwa na gambuti za matope na fulana iliyotoboka kwapani.

"Sijagusa kitu."

"Macho yako yameshaligusa. Shuka, shoga yangu, nikukumbatie kabla hujalifumua lote."

Lynette alikuwa dereva wa basi jijini Portland enzi zile Marlys alipokuwa seremala wa majengo makubwa, na walijuana kwa kunywa kahawa alfajiri kwenye mkahawa mmoja uliojaa wanaume. Lynette alipostaafu akaja porini kuishi na wanawake wenzake. Marlys alibaki mjini na mpenzi wake Ruthanne, katika nyumba ambayo baraza yake, makabati yake na hata fremu za madirisha alizitengeneza yeye. Kisha Ruthanne akafariki. Kaka yake Ruthanne alikuja mazishini na suti safi, na baada ya mazishi akauliza kwa upole kabisa Marlys anatarajia kuhama lini, maana nyumba ilikuwa ya urithi na jina la Marlys halikuandikwa popote. Tangu hapo alikuwa akilala kwenye karakana ya mpwa wake, kati ya mashine ya kufulia na baiskeli za watoto. Mke wa mpwa alikuwa mwema, lakini wema wa mtu anayesubiri uondoke.

Kwa hiyo hakuja Madrone kupunga upepo. Alikuja kuomba mahali pa kuzeekea, na aliogopa kunyimwa kuliko alivyowahi kuogopa paa lolote refu.

Utaratibu ulikuwa wazi, na Lynette alimweleza wakipanda kilima. Mgeni anayetaka kuishi hapa hukaa tangu mwezi mchanga mpaka mwezi mchanga mwingine. Kisha wakazi hukaa duara, yeye hukaa kando mlangoni, na jiwe la mtoni hupita mkono kwa mkono. Anayemkubali mgeni hulipitisha. Wa mwisho kulipokea, akikubali, huinuka akampelekea mgeni mwenyewe. Asiyemkubali hulibakiza mapajani, na likibaki mapajani mwa mmoja tu, basi. Mgeni hufungashiwa mkate wa njiani na kuagwa kwa mabusu.

"Na kuna jingine," Lynette alisema, akasimama ili asikike vizuri. "Ukimkuta mtu anafanya kazi unayoijua kuliko yeye, mikono nyuma. Nyuma kabisa, hivi." Akaonyesha, kama askari anayekaguliwa. "Akikuuliza, mjibu kwa mdomo. Asipokuuliza, na mdomo nao uweke nyuma."

"Hata kama anaharibu?"

"Hasa kama anaharibu."

Marlys alicheka, akidhani ni utani wa kumpokelea mgeni. Haukuwa utani. Kila mwanamke aliyehamia pale alikuja na hadithi ileile, majina tu ndiyo yaliyobadilika: alishika nyundo, au spana, au usukani, na baba au mume au kaka akasema "Lete hapa," akakichukua. Mara nyingi kwa wema mtupu. Akaishi hivyo mpaka mvi zikamtoka hajui hata kubadilisha bawaba. Hapo Madrone ukitaka ugomvi huna haja ya kumtukania mtu mama yake. Mwambie tu "lete hapa", halafu ujue pa kukimbilia.

Nyumba zenyewe zilionyesha sheria hiyo ilivyofuatwa. Kila moja ilijengwa na mwenyewe, na kila moja ilikuwa na kilema chake. Choo cha wageni kilikuwa na dirisha zuri la rangi lakini hakikuwa na mlango, kwa kuwa aliyekijenga alichoka hapo. Bomba la moshi la nyumba ya Tovah lilitoka paani limelala upande. Tovah alikuwa mzaliwa wa Brooklyn, mwalimu wa piano zamani, mwembamba, mwenye ulimi wa kunyolea nywele.

"Unaliangalia bomba langu," alimwambia Marlys siku ya pili.

"Hapana."

"Unaliangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa asiye na bima. Sema."

"Umeniuliza?"

"Nimekuuliza kama unaliangalia, sikukuuliza ushauri. Njoo unywe supu ya dengu. Limekaa hivyo tangu nilipokuwa na kiuno."

Wote waliitana dada, hata mwenye miaka themanini. Marlys aliwapenda, na ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe. Alipenda kelele zao za asubuhi, ugomvi wao juu ya mbuzi nani kamkamua na nani hakumkamua, na namna walivyomwimbia mwenzao aliyeumwa jino mpaka akawafukuza. Lakini hakuweza kutulia. Aliamka kabla ya wote akapasua kuni mpaka zikakosekana kuni za kupasua. Alitembea mpaka kijitoni na kurudi. Alikaa chini ya mti mwekundu akijilazimisha kufikiri kama mtu mzima: majira ya baridi yenye matope, barabara inayokatika, hospitali iliyo mbali, na wanawake hawa wote wanazeeka pamoja, nani atamzika nani? Dakika moja alipataka mahali pale mpaka kifua kikauma. Dakika ya pili alitamani kuingia kwenye pikapu aondoke bila kuaga. Wakati wote huo vidole vyake vilikuwa vikibandua magome ya mti, kipande kwa kipande.

Kama si Kware, huenda angefika salama.

Kware ndiye aliyekuwa mkubwa wa wote na wa kwanza kufika pale. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Thelma, ambalo hakuna aliyethubutu kulitumia. Alijichagulia la ndege anayetembea zaidi ya anavyoruka. Kabla ya Madrone aliishi na mume fundi, mtu hodari na mpole, ambaye hakumwacha apigilie hata msumari wa kutundika kalenda. Sasa Kware alikuwa na nyonga mbovu, fimbo, na kazi moja: ngazi ya kupandia mlangoni kwake. Alikuwa akiijenga tangu majira ya kuchipua, kwa mbao kuukuu. Hakuna kipandio kilicholingana na mwenzake. Kimoja kilikuwa kifupi, cha pili kirefu, cha tatu kimeinama mbele kama kinataka kumtema mtu. Kila asubuhi Marlys alipopita alimkuta bibi yule amepiga goti, msumari mdomoni, akigonga mara tatu kwenye ubao na mara moja kwenye kidole.

"Nzuri, eh?" Kware aliuliza siku moja.

Marlys aliweka mikono nyuma akaishikilia. "Unaendelea vizuri," alidanganya, akaondoka kabla hajaulizwa tena.

Ikabaki siku chache tu mwezi mchanga uandame. Mawingu yalianza kujikusanya magharibi. Mvua za kwanza zilikuwa karibu. Lynette akampeleka Kware mjini Grants Pass kwa daktari wa macho, wengine wakaenda kuchuma matofaa ya majirani, na Marlys akabaki peke yake kilimani na ile ngazi.

Alijiambia anakwenda kuangalia tu. Akaangalia. Akakanyaga kipandio cha tatu, kikayumba. Akaiona mvua ikinyesha, ubao ukiteleza, Kware chini na mguu umekunjika visivyo, na hospitali iko kule mbali. Nitakaza msumari mmoja tu, akasema. Msumari ukang'oa kipande kilichooza, kipande kikaonyesha kingine, na alipokuja kuzinduka ngazi yote ilikuwa chini naye anapiga mluzi.

Hiyo ilikuwa jioni yake nzuri kuliko zote tangu Ruthanne alipofariki. Misumeno yake ilikuwa mikali, na mbao alizokuja nazo kwenye pikapu bila kujua za nini zilitosha barabara. Alipima, akakata, akapigilia, na mikono ikatulia kwa mara ya kwanza kwa kuwa ilikuwa kazini. Vipandio vyote vililingana. Aliweka na mkono wa ngazi wa kushikilia mtu anapopanda, akaupiga randa mpaka ukawa laini. Mbao kuukuu akazipasua akazipeleka jiko la jumuiya, ziivishe maharage.

Lynette aliliona jambo kabla gari halijasimama. "Ee Mungu wangu," akasema. "Marlys, umefanya nini?"

Kware alishuka taratibu. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa dawa ya daktari, lakini aliona vya kutosha. Alisogea, akapapasa ule mkono wa ngazi.

"Mbao zangu ziko wapi?"

"Zilikuwa zimeoza, Kware. Ungeanguka."

"Nimekuuliza ziko wapi."

"Jikoni. Nimezichoma."

Kware akatikisa kichwa polepole. "Najua zilikuwa mbovu, mama. Unadhani sijui? Mimi ndiye niliyezipanda."

"Ungevunjika nyonga!"

"Nyonga ya nani?"

Marlys alisimama na nyundo mkononi mbele ya wanawake waliokuwa wanarudi na vikapu vya matofaa, na aibu ikampanda kama homa. Hakuna aliyempigia kelele. Angefurahi kama wangempigia. Kware alizunguka nyuma ya nyumba, akaburuta kreti mbili za matofaa akazipanga chini ya dirisha, na huyo bibi wa miaka themanini akaingia nyumbani kwake kwa dirishani, mguu mmoja baada ya mwingine, huku wenzake wamesimama chini na mikono nyuma, wameuma midomo. Kutoka ndani akafunga dirisha.

Marlys alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu. Alitupa sanduku la vifaa nyuma, akatupa begi, akawasha. Tovah akatokea akaegemea dirishani.

"Wapi hiyo?"

"Kwenye karakana."

"Karakana nzuri?"

"Tovah, niache. Atalikalia lile jiwe mpaka siku ya kiyama, na ana haki. Kwa nini nisubiri kuaibishwa?"

"Sawa, nenda. Mkate wa njiani ungepewa wa mahindi, lakini mimi ndiye wa zamu ya kuoka, kwa hiyo huukosi utamu wowote." Tovah akakuna shingo. "Ila ukienda sasa, unamwachia bibi wa watu ngazi asiyoitaka. Yule ataingia kwa dirisha mpaka afe, namjua. Utakuwa umeua mtu kwa ngazi nzuri. Hiyo hata kwetu Brooklyn hatujaiona."

Marlys akakaa, injini inaunguruma. Halafu akazima.

Asubuhi alimkuta Kware amekaa kwenye kreti akinywa kahawa. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, lakini Kware hakumpa nafasi.

"Uibomoe," alisema. "Zile mbao zako fupi nitazitumia. Ndefu zako sizitaki, nina mbili mwenyewe, chini ya nyumba. Halafu chukua ile ndoo, uigeuze, uikalie. Hapa, mbele yangu. Nikijenga, utazame."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimalize. Au mpaka uende zako."

Basi Marlys akakaa kwenye ndoo. Wakati fulani alipata kufanya kazi juu ya daraja kwenye upepo wa barafu, amening'inia kwa kamba, lakini haikuwahi kuwa ngumu kama hiyo. Mikono alianza kuiweka nyuma, ikamtoroka. Akaikalia, ikafa ganzi. Akaifumbata mapajani kama mjane kanisani. Kware alishika msumeno kwa mkono uliopinda. Alichora mstari, akaufuta, akasahau penseli sikioni akaitafuta chini. Aliongea na mbao, aliongea na ndege, lakini Marlys hakuulizwa lolote. Wenzao walipita wakijifanya wana shughuli upande huo.

"Vipi ndoo?" Tovah aliuliza.

"Inakata nyama."

"Nyama yenyewe iko wapi?"

Mawingu yakazidi kushuka. Ubao wa kwanza mrefu, ule wa ubavuni wa kubeba vipandio, ulikatwa salama. Ukabaki wa pili, wa mwisho. Sasa futi ya Kware, ule utepe wa chuma wa kupimia, ilikuwa imekatika mwanzoni, kipande cha upana wa kiganja, na kila alipopima ilimbidi akumbuke kukiongeza. Kwenye ubao wa kwanza alikumbuka. Kwenye huu akapima, akaweka alama, akashika msumeno, na Marlys akaona kwamba hakuongeza.

Alifungua mdomo. Akaufunga. Msumeno ukauma ubao, ukaenda mbele, ukarudi, ukakwama, ukaendelea. Kwa Marlys ingekuwa kazi ya pumzi nne. Kware alipumzika, akafuta jasho, akanywa maji, akarudi. Nafasi ya kusema ilikuwa tele, na katika kila nafasi Marlys aliliona lile jiwe mapajani mwa bibi huyu, akaiona mashine ya kufulia inayotikisika karibu na mto wake wa kulalia. Akauma mkono wa shati lake. Kipande kikaanguka.

Kware akalaza ubao kando ya mwenzake. Ulikuwa mfupi kwa kiganja kizima. Aliutazama. Akaitazama futi. Akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa tumbo, mpaka ikabidi akae chini kwenye vumbi la mbao na kushikilia nyonga.

"Unacheka nini?" Marlys alisimama, ndoo ikabiringika. "Huna ubao mwingine! Mvua hiyo! Umeuharibu!"

"Nimeuharibu, ndiyo. Uliona?"

"Niliona kabla meno ya msumeno hayajagusa!"

"Na ukanyamaza."

"Mmeniambia ninyamaze! Nimekaa hapa kama mfungwa, nimekula shati langu, na wewe unacheka!" Sauti ikamkatika. Hakuwa amelia mazishini, wala siku ya kuhama, na sasa alikuwa analia kwa sababu ya ubao. "Kule kazini hakuna aliyeniambia 'lete hapa', Kware. Hata siku moja. Waliniambia 'tuone'. Wakakunja mikono wakasubiri nikosee. Wao walikosea kila siku wakacheka hivyohivyo, kama wewe. Mimi ningekosea mara moja tu, ingekuwa hadithi yao mpaka Krismasi, na Jumatatu nisingeitwa. Sijawahi kukata ubao vibaya maishani mwangu. Sikuruhusiwa."

Kware aliacha kucheka. Alifuta machozi ya kicheko, akamwangalia.

"Maskini," alisema mwishowe, na hakukuwa na dhihaka ndani yake. "Haya, kaa. Umenichosha. Sasa nakuuliza. Tunafanyaje?"

Marlys alipangusa pua kwa kile kilichobaki cha mkono wa shati. Alijua njia tatu, na mikono yake ilizijua zote kabla ya kichwa. Akaiweka nyuma, kidole kikashika kidole.

"Kata ule mwingine ulingane na huu," alisema. "Kipandio kimoja kitapungua. Halafu chini, badala ya kurefusha ngazi, unainua ardhi. Tafuta jiwe pana, ulilaze mwanzoni."

"Kijitoni yako mengi," Kware alisema. "Lakini siwezi kulibeba."

"Sijui kama kubeba kumo kwenye sheria."

"Kubeba ruksa. Kupanga usithubutu."

Mvua ilianza siku ya duara. Jiko la jumuiya lilivuja pale panapovuja kila mwaka, wakaamua kukutana nyumbani kwa Kware, penye jiko la chuma linalotoa joto kweli. Kwa hiyo wote walipanda ngazi mpya, mmoja baada ya mwingine, wakisifu kwa sauti na kujishikilia fremu ya mlango. Marlys alipanda wa mwisho. Jiwe lilikuwa imara. Kipandio cha kwanza kifupi, cha pili kirefu, na cha tatu kikampokea alipokuwa bado hajakitarajia. Akajikwaa, akaingia kwa magoti mbele ya wanawake wote.

"Huyo wa tatu amelewa," Kware alisema kutoka kitini. "Hupandi bila kumwamkia."

Walicheka, naye akacheka. Akakaa kwenye kigoda mlangoni. Lynette akashika jiwe kwanza. "Mnajua nilivyo naye," alisema, akalipitisha. Likaenda. Mmoja alisema anaogopa mtu asiyelala saa za watu kulala. Mwingine alisema kuni za msimu wote zimepasuliwa na yeye hakupata raha ya kupasua hata gogo moja. Lakini walilipitisha. Tovah alilipima mkononi kama anayelinunua sokoni.

"Anaangalia bomba langu kwa dharau na hajasema neno," alisema. "Nimeolewa na watu wabaya kuliko huyu." Akalipitisha.

Likafika kwa Kware, wa mwisho, naye akaliweka mapajani.

Mvua ikazidi juu ya mabati. Marlys aliangalia lile jiwe, dogo, jeusi, lisilo na maana yoyote, na akaanza kimoyomoyo kupakia pikapu.

"Nina swali," Kware alisema. "Wewe, mwanangu, nimekuona mwezi mzima, lakini sijakuona hasa. Nimeona nyundo. Siku mikono hiyo itakapokataa, nayo itakataa, angalia yangu, isiweze kushika hata kijiko, hapa utakuwa unafanya nini?"

Marlys alitafuta jibu zuri. Alijua lipo, Lynette alikuwa akimtolea macho amsaidie.

"Sijui," alisema. "Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kufa. Nikiwa sina faida, sijui kwa nini mtu anibakize."

"Tungekuwa tunafukuza wasio na faida," Tovah alinong'ona, "mimi ningekuwa Brooklyn zamani."

Kware hakucheka. Alishika fimbo kwa mkono mmoja na jiwe kwa mkono mwingine, akajaribu kuinuka. Mara ya kwanza nyonga ilimrudisha kitini. Mara ya pili alisimama, akayumba, na jiwe likamponyoka, likagonga sakafu na kubingirika hadi katikati ya duara.

Marlys alikuwa ameshanyanyuka nusu. Mikono yote miwili ilikuwa mbele, imefunguka, hatua mbili tu na angelifikia. Akaona wenzake. Hakuna aliyesogea, wote walikuwa wameketi wima, na kila mmoja mikono yake ilikuwa nyuma, na Lynette alikuwa analia. Marlys akakaa. Akairudisha mikono yake mgongoni na kuibana mmoja kwa mwingine, huku bibi yule akijikokota, akiinama kidogokidogo, akikosa, akilaani, akipapasa sakafu kwa vidole vilivyopinda mpaka vikalishika.

Ilichukua muda mrefu. Hatimaye Kware alisimama mbele ya kigoda, anahema, maji ya mvua kutoka mlangoni yakimlowesha viatu.

"Haya," alisema, "lete hiyo mikono."

Marlys akaitoa nyuma, mitupu, naye Kware akaliweka jiwe ndani yake.